Servleti Haiiti Nyingine: Mwenye Kazi Ni Kontena

Chukua programu ndogo ya kikundi cha kuweka na kukopa, ya aina ambayo wanafunzi wengi wa Java huiandika kama kazi yao ya kwanza ya wavuti. Mweka hazina anafungua fomu, anachagua jina la mwanachama, anaandika shilingi 20,000, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Servleti ya kwanza, tuiite MchangoServlet, inapokea fomu hiyo na kuandika mchango kwenye hifadhidata. Servleti ya pili, DaftariServlet, inasoma michango yote na kuipanga katika jedwali. Kila moja ikijaribiwa peke yake haina tatizo. Kilichobaki ni kuziunganisha, ili mchango ukishahifadhiwa mweka hazina alione daftari papo hapo. Ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo, lakini mstari huo ukichaguliwa vibaya, mwanachama aliyetoa 20,000 anaweza kuandikiwa 40,000 bila mtu yeyote kukusudia.

Jaribio la kwanza la mwanagenzi mara nyingi huwa hili: ndani ya doPost ya MchangoServlet anaandika `new DaftariServlet().doGet(request, response)`. Simlaumu. Tangu siku ya kwanza ya somo la Java amefundishwa kwamba akitaka kazi ya klasi fulani, aunde objekti yake kisha aite methodi. Tena kompaila haimzuii, kwa sababu doGet imetangazwa kuwa protected na klasi zote mbili zikiwa kwenye pakeji moja ruhusa ipo. Programu inapita, na pengine ukurasa unatokea kama alivyotaka.

Lakini servleti aliyoiunda kwa new siyo ile inayoishi kwenye seva. Tomcat, Jetty na kontena nyingine huunda servleti zenyewe. Kwa kila servleti iliyotangazwa, kontena kwa kawaida huunda objekti moja tu, huita init mara moja na kuikabidhi ServletConfig, kisha kila ombi linapofika huchukua uzi mmoja na kuita service, ambayo nayo hutazama kama ombi ni GET au POST na kuita doGet au doPost. Programu inapoondolewa, kontena huita destroy. Objekti ya new haikupitia lolote kati ya hayo. Kama DaftariServlet huandaa muunganisho wa hifadhidata ndani ya init, kwenye objekti hiyo muunganisho haupo, na kinachofuata ni NullPointerException. Ikiita getServletContext inaanguka, maana ServletConfig haikuwahi kuifikia. Na kama kuna chujio linalokagua kwamba mtumiaji ameingia kwa nenosiri kabla ya kuliona daftari, chujio hilo limerukwa kimyakimya. Siku ambayo njia hii inaonekana kufaulu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu kasoro inabaki imejificha mpaka mtu mwingine atakapoongeza init miezi mingi baadaye, akashindwa kuelewa ukurasa uliokuwa mzima umevunjikia wapi.

Kulikuwa na wakati ambapo servleti moja iliweza kuipata nyingine na kuishika mkononi. Kampuni ya Sun Microsystems ilipotoa servleti za kwanza, ServletContext ilikuwa na methodi iitwayo getServlet: unataja jina, unapewa objekti ya servleti hiyo. Toleo la 2.1, la mwaka 1998, liliifunga njia hiyo. Methodi ilibaki kwa jina tu, ikirudisha null kila inapoitwa, ili programu za zamani zisishindwe kukompailiwa. Iliendelea kuwapo hivyo kwa zaidi ya miaka 20, hadi Servlet 6.0 ya mwaka 2022 ilipoifuta kabisa. Sababu si ngumu kuiona. Anayeshika objekti ya servleti nyingine hana namna ya kujua kama kontena imekwisha kuiharibu au kuibadilisha, na anaweza kuita chochote ndani yake bila kontena kujua. Toleo lilelile la 2.1 ndilo lililoleta RequestDispatcher, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora zaidi katika historia ya teknolojia hii: servleti haipewi servleti mwenzake, inapewa mjumbe anayejua njia ya kumfikia.

Mjumbe huyo hutumiwa hivi: `request.getRequestDispatcher("/daftari").forward(request, response)`. MchangoServlet inaiambia kontena ilipeleke ombi hili hili, pamoja na jibu hili hili, kwa yeyote aliyesajiliwa kwenye anwani /daftari. Kontena inaitafuta servleti halisi, iliyokwisha kupitia init, na kuita service yake katika uzi uleule. Kivinjari hakijui kilichotokea. Mstari wa anwani unaendelea kuonyesha /mchango. Ukitaka kupeleka taarifa pamoja na ombi, kwa mfano jina la mwanachama aliyetoka kuchangia, unaliweka kama atributi kwa `request.setAttribute("mwanachama", jina)`, na upande wa pili linasomwa kwa getAttribute.

Tahadhari zake ni chache ila hazisamehe. Jibu lisiwe limekwisha kuanza kutumwa kwa kivinjari. Kama umeandika maneno machache tu, bado yamo kwenye bafa na forward huyafuta kabla ya kukabidhi. Lakini bafa ikishamwagwa kwenda nje, forward hutupa IllegalStateException. Pia forward haisimamishi methodi yako. Servleti ya pili ikimaliza, utekelezaji hurudi kwenye mstari unaofuata forward, na chochote kilichoandikwa hapo chini kitatekelezwa, hata kama ni agizo la kuandika tena kwenye hifadhidata. Weka return mara moja baada yake, hasa unapokuwa ndani ya if. Anwani nayo inahesabiwa kuanzia mzizi wa programu yako, kwa hiyo mkwaju wa mwanzo unatosha. Ukiongeza jina la programu mbele yake, kontena itatafuta kitu ambacho hakipo na mtumiaji ataona 404.

Sasa mwanagenzi wetu ameweka forward, amebonyeza kitufe, na badala ya daftari anapata kosa la 405 likisema methodi ya POST haikubaliki kwenye anwani hiyo. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kosa hili linaeleza mambo mengi kuliko linavyoonekana. Forward haibadilishi aina ya ombi. Fomu ilikuja kwa POST, ombi likafika DaftariServlet likiwa bado POST, na DaftariServlet ina doGet peke yake. Tiba inayopendwa ni kuongeza doPost ndani ya DaftariServlet, ambayo kazi yake ni kuita doGet. Kosa linaondoka, daftari linaonekana, na mwanafunzi anafunga kompyuta akiamini kazi imekwisha.

Kilichoondoka ni onyo. Kivinjari cha mweka hazina bado kimesimama kwenye anwani /mchango, na ombi la mwisho kinalolikumbuka ni POST yenye shilingi 20,000 ndani yake. Akipakia ukurasa upya ili aone kama mchango wa mtu mwingine umeingia, kivinjari kitamuuliza kama atume fomu tena. Watu wengi hukubali bila kusoma. MchangoServlet itapokea fomu ileile, haitakuwa na namna ya kujua kwamba ni marudio, na itaandika mchango wa pili. Hakuna kosa litakaloonekana popote. Daftari litaonyesha mistari miwili inayofanana, na kikundi kitakapokaa kugawana mwisho wa mwaka, hesabu za programu hazitalingana na fedha zilizo kwenye sanduku. Katika kikundi cha akiba, hitilafu ya namna hiyo haiishii kwenye kompyuta. Inageuka kuwa tuhuma dhidi ya mtu.

Njia inayofaa hapa ni nyingine: `response.sendRedirect(request.getContextPath() + "/daftari")`. Tofauti ya njia hizi mbili ni ile ya makarani wawili wa ofisi moja. Karani wa forward anapokea faili lako dirishani, anaingia nalo mwenyewe chumba cha ndani, na jibu linakutokea pale pale uliposimama. Karani wa sendRedirect anamaliza sehemu yake, kisha anakwambia uende dirisha la 4. Unatembea mwenyewe, na huko unaanza kujieleza upya. Kwa lugha ya mtandao, seva inarudisha jibu lenye namba 302 na heda ya Location iliyobeba anwani mpya. Kivinjari kinasoma anwani hiyo na kutuma ombi jipya kabisa, safari hii kwa GET. DaftariServlet inahitaji doGet tu. Mstari wa anwani unasoma /daftari. Mweka hazina akipakia upya ukurasa mara kumi, daftari linasomwa mara kumi na hakuna kinachoandikwa.

Kuna undani mmoja kuhusu namba hiyo. Kanuni za HTTP zinakiruhusu kivinjari kubadili POST kuwa GET kinapokutana na 302, na vivinjari vya kawaida hufanya hivyo, lakini namba iliyotungwa mahsusi kwa kazi hii ni 303. Anayetaka usahihi kamili anaweza kuweka setStatus ya 303 na kuandika Location mwenyewe, na Servlet 6.1 imeongeza sendRedirect inayokuachia uchague namba. Kwa programu ya anayeanza, 302 inatosha.

Mzunguko huu wa kupokea kwa POST, kuelekeza upya, kisha kuonyesha kwa GET, una gharama yake. Ombi la pili ni jipya, kwa hiyo kila atributi uliyoiweka kwenye ombi la kwanza imepotea. Wengi hukwama hapa: wanaweka setAttribute, wanaita sendRedirect, kisha wanashangaa kupata null upande wa pili. Kama unataka daftari lionyeshe ujumbe kwamba mchango umehifadhiwa, una njia mbili. Unaweza kuupitisha kwenye anwani kama kigezo, na hapo usisahau URLEncoder, kwa sababu maelezo kama "mkopo wa ng'ombe" yana nafasi na alama zisizofaa kukaa wazi kwenye anwani. Au unauweka kwenye sesheni, DaftariServlet inausoma na kuufuta hapo hapo ili usijirudie kila ukurasa ukifunguliwa. Mimi napendelea sesheni, maana anwani hunakiliwa na kutumiwa watu wengine, na ujumbe wa mafanikio usiomhusu mpokeaji unampotosha. Angalia pia kwamba mkwaju wa mwanzo kwenye sendRedirect unahesabiwa kuanzia mzizi wa seva nzima, tofauti na ule wa forward. Ndiyo sababu ya kuweka getContextPath mbele.

Hata hivyo, sendRedirect haitibu kila marudio. Mtandao wa simu ukiwa mzito, mtu hubonyeza kitufe cha kuhifadhi, haoni kitu, anabonyeza tena. Hizo ni POST mbili zilizotoka kabla jibu la kwanza halijarudi, na hakuna uelekezaji unaoweza kuzizuia. Dawa yake ni kuipa kila fomu namba yake ya kipekee inapofunguliwa, ikae kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu, kisha hifadhidata iwekewe sharti kwamba namba hiyo haiwezi kuandikwa mara mbili. POST ya pili itakataliwa na hifadhidata yenyewe. Kuzima kitufe kwa JavaScript ni msaada tu, si ulinzi.

Kuna namna nyingine ya kupitisha taarifa ambayo lazima niikataze waziwazi: kuiweka kwenye sehemu ya klasi ya servleti, au kwenye static, ili servleti nyingine iisome. Kumbuka kwamba objekti ya servleti ni moja na nyuzi ni nyingi. Waweka hazina wawili wakituma fomu kwa wakati mmoja, jina lililoandikwa na uzi wa kwanza linaweza kufutwa na uzi wa pili kabla halijasomwa, na mchango ukaingia kwa mtu asiye wake. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ambako anayejaribu ni mtu mmoja, hitilafu hii haiwezi kuonekana kirahisi. Taarifa za ombi zikae kwenye ombi, za mtumiaji zikae kwenye sesheni.

Njia ya pili ya mjumbe, include, inaweza kupitwa haraka. Huita servleti nyingine na kuchanganya maandishi yake na yako, kisha unaendelea kuandika. Hufaa kwa kichwa na mkia wa ukurasa. Servleti iliyojumuishwa haiwezi kubadili namba ya hali wala heda za jibu. Ikijaribu, jaribio lake linapuuzwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi ndani ya JSP au injini nyingine ya violezo.

Lakini kabla ya kuchagua kati ya forward na sendRedirect, liko swali ambalo ningependa kila anayeanza ajiulize kwanza: unaitaka servleti ile, au unaitaka kazi inayofanywa ndani yake? Tuseme MchangoServlet inahitaji jumla ya michango ya mwanachama ili imkatalie aliyevuka kiwango, na msimbo wa kupiga jumla hiyo umo ndani ya doGet ya DaftariServlet. Hapo hakuna ombi la kupeleka popote. Kuna hesabu tu, na hesabu haina haja ya HTTP. Itoe, iweke kwenye klasi ya kawaida, tuseme Daftari, yenye methodi jumlaYaMwanachama, na servleti zote mbili ziitumie. Klasi hiyo unaweza kuiunda kwa new bila wasiwasi, unaweza kuijaribu kwa JUnit bila kuwasha seva, na kesho ukihitaji jumla hiyohiyo kwa ajili ya ripoti, ipo. Maelezo rasmi yaliyoambatana na kufungwa kwa getServlet yaliwaelekeza waandishi huko huko, kwenye klasi zisizo servleti.

Ukishafanya hivyo utaona servleti zako zinanyooka. MchangoServlet inasoma fomu, inaikabidhi klasi ya kawaida, inaelekeza upya. DaftariServlet inaomba orodha kutoka klasi ileile, inaiweka kwenye atributi, kisha inafanya forward kwenda kwenye JSP. Na hapo ndipo mahali halali pa forward: kutoka servleti iliyotayarisha taarifa kwenda kwenye ukurasa wa kuzionyesha. JSP hiyo iweke ndani ya WEB-INF. Kivinjari hakiruhusiwi kuingia humo moja kwa moja, mjumbe wa kontena anaruhusiwa, kwa hiyo hakuna atakayeufungua ukurasa bila kupitia servleti.

Suala la machujio halipaswi kuachwa. Chujio lililosajiliwa kwa njia ya kawaida hufanya kazi kwa maombi yanayotoka nje tu. Ombi linalofika kwa forward halipiti humo, isipokuwa umetangaza kwamba chujio lihusike na FORWARD pia, jambo lililowezekana kuanzia Servlet 2.4 ya mwaka 2003. Kama nenosiri linakaguliwa na chujio lililowekwa kwenye /daftari peke yake, na /mchango iko wazi, forward kutoka /mchango inamwingiza mgeni hadi ndani ya daftari. Kwa sendRedirect ombi ni jipya na chujio linafanya kazi yake.

Mkanganyiko mwingine huletwa na matoleo. Kuanzia Jakarta EE 9 ya mwaka 2020, pakeji zilizokuwa zikianza na javax.servlet zilibadilika na kuwa jakarta.servlet. Tomcat 9 inaelewa majina ya zamani, Tomcat 10 inaelewa mapya. Mwanafunzi anayenakili mfano wa zamani na kuuweka kwenye Tomcat 10 mara nyingi hupata 404, kwa sababu kontena haiitambui anotesheni ya WebServlet iliyotoka kwenye pakeji ya zamani. Atahangaika na anwani za mjumbe wakati servleti zenyewe hazijasajiliwa. Tazama mistari ya import kwanza.

Na ikiwa servleti unayoitaka imo kwenye programu nyingine kabisa, acha mjumbe. Tomcat kwa kawaida hairuhusu programu moja kupeleka ombi ndani ya nyingine. Methodi ya getContext itakurudishia null. Tumia HttpClient iliyomo ndani ya Java tangu toleo la 11, uzungumze na programu hiyo kama mteja mwingine yeyote.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo na waandishi wa vitabu vya mafunzo. Mifano mingi ya servleti mbili huanza na forward, na fomu ya kuhifadhi ndiyo inayotumika kuielezea. Badilisheni mpangilio. Fundisheni sendRedirect kwanza, kwenye fomu inayoandika kitu, na mmwambie mwanafunzi apakie upya ukurasa mbele yenu kisha ahesabu mistari kwenye hifadhidata. Forward ifuate baadaye, kwenye kuonyesha tu.